Atakayefungwa Ndiye Mshindi

Katika nchi ya Bwawani kila kitu kilikuwa na mpangilio wake, na mpangilio huo ulianzia kwa Mfalme Kiboko na kuishia hapohapo. Asubuhi Mfalme aliibuka majini, akapiga mwayo, na nchi nzima ikatangaziwa kwamba kumekucha. Jua lilikuwa limeshachomoza kitambo, lakini jua halikuwa na cheo. Mchana Mfalme alilala. Jioni alilishwa majani mabichi, akasifiwa, akarudi majini. Wananchi walipanga foleni, walinung'unika kwa sauti ya chini, na siku za mapumziko wote walikwenda mpirani kupiga kelele walizozibana wiki nzima.

Shida ilikuwa moja: Mfalme naye alikuwa na timu.

Timu hiyo iliitwa Bwawa FC. Wachezaji wake kumi walikuwa wapwa wa Mfalme, na kipa alikuwa Kenge, ambaye hakuwa mpwa ila aliwahi kumsifu Mfalme vizuri sana kwenye harusi. Wapwa wale walikuwa vijana wanene, wapole, wenye pumzi ya kufika nusu ya uwanja leo na kurudi kesho. Kila msimu Bwawa FC ilimaliza mkiani mwa Ligi Kuu, na kila ilipofika siku ya kushuka daraja, serikali iligundua ghafla kwamba muundo wa ligi umepitwa na wakati. Mwaka mmoja iliamriwa kwamba mabao yanayofungwa Mfalme akiwa amesinzia hayahesabiki, na Mfalme alisinzia mechi zote. Mwaka uliofuata pointi zikagawiwa kwa uzito wa wachezaji. Mashabiki walibishana mpaka mate yakawakauka, kisha wakazoea. Hilo la kuzoea ndilo baya kuliko yote.

Aliyekataa kuzoea alikuwa Bi Nungunungu.

Huyu alikuwa kiongozi wa washangiliaji wa Vichuguu FC, timu ya Daraja la Pili kutoka upande mkavu wa nchi, ambako wenyeji walichimba mashimo na kuishi humo bila kumsumbua mtu. Hakuhitaji ngoma. Alitikisa miiba yake tu, na sauti yake ilisikika mpaka ng'ambo. Jukwaani alikaa peke yake, nafasi ya watu sita ikiwa wazi kumzunguka, maana timu ilipofunga alipenda kukumbatia watu, na waliowahi kukumbatiwa wanasimulia hadi leo. Marehemu baba yake aliitikisia miiba timu hiyohiyo maisha yake yote, akafa hajaiona ikicheza Ligi Kuu hata dakika moja. Bi Nungunungu alikuwa na hamu moja tu duniani, naye hakuificha: aone Vichuguu FC ikipanda daraja kwa mabao yake yenyewe.

Na msimu ule Vichuguu FC ikaongoza Daraja la Pili. Kakakuona, kipa wao, alikuwa akiona mpira unakuja anajikunja kuuzuia, na ilibidi refa aangalie vizuri ni upi mpira na yupi kipa. Nguchiro, mshambuliaji wao, alikuwa mdogo, mkali, na mwepesi wa kupita katikati ya miguu ya mabeki kabla hawajajua wana miguu. Kwa sheria ya zamani, wa kwanza wa Daraja la Pili alicheza mechi ya mchujo na wa mwisho wa Ligi Kuu, na mshindi ndiye aliyebaki juu. Wa mwisho wa Ligi Kuu alikuwa, kama kawaida, Bwawa FC.

Upande mkavu wote ulianza kusherehekea. Mechi dhidi ya wapwa ilikuwa zawadi.

Ndipo Waziri wa Michezo, Mheshimiwa Heroe, akapata wazo.

Inafaa ieleweke jinsi heroe, ndege yule wa miguu mirefu, anavyokula. Husimama kwa mguu mmoja kwenye maji, huinamisha shingo yake ndefu mpaka kichwa kikapinduka, utosi ukaelekea chini, kisha huchuja tope kwa mdomo. Asubuhi hiyo Waziri alikuwa akipata kifungua kinywa kando ya ubao wa matangazo, na ubao ulikuwa umebandikwa msimamo wa ligi. Akautazama hivyohivyo, kichwa chini. Akaiona Bwawa FC iko juu kabisa.

Tope lilimtoka mdomoni kwa furaha. Kabla ya saa nne baraza lilikuwa limeitishwa.

Bi Nungunungu naye aliitwa, kwa kuwa serikali ya Bwawani ilipenda sana kushirikisha wadau. Mdau alisimamishwa ukingoni mwa bwawa, akaelezwa kilichokwisha kuamuliwa, kisha akatakiwa kushukuru.

"Mtukufu Mfalme," alianza Heroe, akibadilisha mguu, "kamati yangu imefanya utafiti wa kina kuhusu muundo wa ligi yetu. Tumegundua kwamba miaka yote hii msimamo umekuwa ukisomwa kwa kuanzia juu."

Mawaziri waliguna kwa mshangao. Mmoja akasema ni aibu kwa taifa.

"Ukisomwa kwa kuanzia chini, kitaalamu," Heroe aliendelea, "timu yako inaongoza, Mtukufu."

Mfalme alifumbua jicho moja. "Inaongoza?"

"Inaongoza, Mtukufu."

"Inamwongoza nani?"

"Inawaongoza wote."

Mfalme Kiboko alitabasamu tabasamu pana lililosukuma mawimbi mpaka kwenye miguu ya mawaziri. Hakuuliza zaidi. Kwa kumtendea haki, ukweli usemwe: hakuwa mkatili. Alikuwa mnene, mvivu, na hakuna aliyewahi kumjibu swali kwa jibu lake. "Nilijua wale vijana watajirekebisha," alisema, akazama kulala.

Bi Nungunungu alinyoosha mkono. "Mheshimiwa Waziri, na sisi tulioongoza Daraja la Pili?"

"Mmeongoza upande usiofaa, mama. Poleni."

"Kwa hiyo mechi ya mchujo haipo?"

"Ipo! Serikali hii haiwezi kumnyima mwananchi mechi." Heroe alinyoosha shingo. "Ila itafuata muundo mpya. Katika mechi hiyo, atakayefungwa mabao mengi ndiye mshindi, naye atacheza Ligi Kuu."

Miiba ya Bi Nungunungu ilisimama yote kwa hasira, na mawaziri wawili waliokuwa karibu wakajikuta majini. Wapwa wa Mfalme hawakuwahi kukosa kufungwa. Vichuguu FC ilikuwa inaadhibiwa kwa kujua mpira.

"Kuanzia sasa!" alipaza sauti Heroe.

"Sasa!" baraza likaitikia.

Hiyo ndiyo iliyokuwa mila ya Bwawani. Amri ilitangazwa kwa maneno hayo, baraza likaitikia hivyo, na hapo amri ikawa sheria, kutoka dakika hiyo kwenda mbele. Haikugusa jambo lolote lililokwisha kupita. Sheria za nchi ile hazikutazama nyuma hata mara moja, kwa sababu huko nyuma kulikuwa na mambo mengi ya aibu.

"Mdau ashukuru," alisema mwandishi wa baraza.

"Nimesikia," alisema Bi Nungunungu, akaondoka bila kushukuru.

Jioni ile kijiweni kwa muuza kahawa kulifurika. Kila shabiki alikuja na muundo wake wa ligi, na kila mmoja aliapa kwamba wa kwake ndio utakaoikomboa nchi.

"Tatizo ni timu nyingi," alisema Panya Buku. "Zibaki nne. Na sisi tuwe mojawapo."

"Wapi! Tatizo ni chache," alisema Mhanga. "Kila shimo liwe na timu. Mimi nyumbani kwangu tu naweza kutoa timu mbili na akiba."

"Tugawe kanda," alisema Kanu. "Kanda ya mchana na kanda ya usiku. Mimi mchana sioni mpira vizuri, nashangilia kwa kukisia."

"Kweli kabisa," alisema Nyumbu.

"Wewe Nyumbu umekubali zote tatu," Nguchiro alimkemea.

"Zote zina mantiki, ndugu yangu. Mimi nikiona wengi wanaelekea mahali, moyo wangu unanituma niende."

Nguchiro aligonga kikombe chini. Alikuwa ametoka mazoezini na jasho lilikuwa halijamkauka. "Nyie mnapanga ligi wakati ligi imeshapangwa! Mimi nasema tugome. Tusiende uwanjani. Au mniache niende nikamng'ate yule Waziri huo mguu anaousimamia."

"Ana mwingine kaukunja," alisema Panya Buku.

"Nitausubiri."

Watu walicheka, lakini Bi Nungunungu hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye nafasi yake, peke yake, kahawa imempoa mkononi. Mwishowe akasema, "Tukigoma, tumeshindwa kwa sheria ya zamani na kwa hii mpya. Tukimng'ata Waziri, watateua mwingine mwenye miguu minne. Amri inasemaje? Atakayefungwa mengi ndiye mshindi. Basi tufungwe."

"Tufungwe na wapwa?" Nguchiro aliuliza taratibu, kama mtu aliyetukanwa kwa lugha asiyoijua. "Dada, wale hawawezi kufunga hata mlango."

"Tutawafungia. Tutajifunga wenyewe."

Kakakuona, aliyekuwa kwenye kona, alianza kulia. "Bi Nungunungu, mimi nimekaa golini tangu sijaota magamba. Leo unaniambia nipishe?"

"Nakuambia, mwanangu. Na mimi inaniuma kuliko wewe."

Ilimuuma kweli. Usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu mpaka siku ya mechi, kwa sababu hakuwa ameota kupanda daraja kwa namna hiyo. Mazoezi ya wiki ile yalikuwa kichekesho kitupu. Nguchiro alipewa mpira akaambiwa afunge goli lake mwenyewe, akageuka mara tatu, miguu ikampeleka kulekule ilikozoea.

Siku ya mechi, Uwanja wa Bwawani ulijaa hadi kwenye matawi. Upande wa maji walikaa mashabiki wa Bwawa FC, wakiongozwa na Mamba, ambaye aliishangilia timu ya Mfalme kila wiki kwa sababu jukwaa hilo lilikuwa na wahesabu makofi. Upande wa vumbi walikaa wa Vichuguu. Mfalme mwenyewe alikuwa kwenye dimbwi lake la heshima, katikati, macho na masikio yakiwa nje ya maji. Alikuwa hajalala. Alisikia timu yake inaongoza, akaja kuona.

Pundamilia, refa, akapuliza kipenga.

Mpwa wa kwanza alipewa mpira, akageuka, akakimbia kwa nguvu zake zote kuelekea goli lake mwenyewe. Nguchiro alimkimbilia kumzuia. Kwa mara ya kwanza katika historia ya mpira, mshambuliaji alilinda goli la adui dhidi ya mabeki wa adui. Akauchukua mpira, akaukimbiza mpaka kwake, Kakakuona akapisha huku amefumba macho, na Kenge, kipa wa Bwawa FC, aliyekuwa ameshatoka mbio kutoka upande wa pili, akajirusha na kuudaka mlangoni mwa Vichuguu. Mashabiki wa Vichuguu walizomea. Mashabiki wa Bwawa waliangalia wahesabu makofi ili wajue hapo wanapiga au hawapigi.

"Refa, ameotea!" alipiga kelele Nyumbu.

"Ameotea wapi?"

"Sijui, lakini mahali fulani lazima awe ameotea!"

Mechi ikaenda hivyo. Makipa wawili wote walikuwa upande mmoja, kisha wote upande mwingine. Mpwa mmoja alijifunga kwa kichwa, wenzake wakambeba juu, akawaangukia. Bwawa FC ikawa mbele, yaani nyuma, yaani mbele. Heroe alibadilisha miguu kwa raha.

Lakini katika dimbwi la heshima maji yalianza kuchemka.

Mfalme Kiboko hakuwa amefika shule ya mpira, lakini goli lake alilijua. Alimwona mpwa wa pili akikimbilia goli la Kenge, ambaye alikuwa amesimama kando kwa adabu, amemfungulia njia. Mfalme akainuka, maji yakimtiririka, akanguruma ngurumo iliyoangusha ndege kwenye matawi:

"Nyie majuha! Fungeni KULE!"

Wapwa walisimama. Walimtazama Heroe. Heroe alikuwa amekunja mguu na hakuwa na pa kuuweka. Sheria ya Mfalme ilisema hivi, Mfalme mwenyewe anasema vile. Ila sheria haikuwa na meno, na mjomba alikuwa nayo, tena yalionekana yote. Wapwa wakageuka wakaenda kule.

"Wapisheni, jamani!" alipaza sauti Bi Nungunungu kutoka jukwaani. Vichuguu FC wakawapisha. Nguchiro alimshika mkono mpwa mmoja aliyepotea akamwelekeza goli lilipo. Bao. Mfalme alipiga maji kwa furaha, akalilowesha jukwaa zima. Bao jingine. Kakakuona alijikunja akabingirika mpaka wavuni, akapeleka na mpira ili pasiwe na shaka. Kipenga cha mwisho kilipolia, Bwawa FC ilikuwa imefunga tisa, na Mfalme Kiboko alikuwa analia machozi. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kushinda.

"Nileteeni kombe!" alisema.

Pundamilia alikohoa. Alikuwa refa mwaminifu, yaani mwoga wa sheria kuliko wa watu. "Mtukufu, kwa mujibu wa amri yako, atakayefungwa mengi ndiye mshindi. Vichuguu wamefungwa tisa. Wamepanda Ligi Kuu. Bwawa FC imeshuka daraja."

Upande wa vumbi ulilipuka. Bi Nungunungu hakutikisa mwiba hata mmoja. Alitazama timu yake ikirukaruka, na akaona kwamba hakuna kati yao aliyekuwa akimtazama mwenzake usoni.

"Amri gani?" Mfalme aliuliza. "Waziri! Amri gani hii?"

Heroe alikuwa mwepesi, hilo asinyimwe. Aliona shingo yake ndefu na akakumbuka jinsi anavyoipenda. "Mtukufu, ni kosa dogo la uchapaji, linarekebishwa hapahapa. Baraza! Atakayefunga mengi ndiye mshindi! Kuanzia sasa!"

"Sasa!" wakaitikia mawaziri kutoka viti vya mbele.

Mfalme alitulia. "Basi nimeshinda."

"Umeshinda, Mtukufu."

Bi Nungunungu aliinuka. Nguchiro alikuwa amekwisha kufika jukwaani, akaona jinsi miiba yake ilivyosimama. "Dada, kaa," alimnong'oneza. "Nakuomba. Tutafute wakili, tubishane polepole."

"Nimechoka kubishana polepole." Akashuka mpaka ukingoni mwa dimbwi la heshima. "Mtukufu Mfalme. Mheshimiwa Waziri amesema kuanzia sasa, na baraza limeitikia. Mabao tisa yameshapita. Hayo yana sheria yake, na kwa sheria hiyo umeshuka. Kama unataka hii mpya, ni ya kuanzia sasa. Basi sasa tucheze."

Mawaziri walitazamana. Kubadilisha amri walijua, lakini kuirudisha nyuma hakukuwa na mila yake, na wasingejua hata maneno ya kuitikia.

Aliyewajibia alikuwa mtu ambaye hakuna aliyemtarajia. Mamba, kiongozi wa washangiliaji wa Mfalme, alisimama katikati ya jukwaa la maji. Leo alikuwa amecheka mpaka mbavu zimemuuma, na huenda kicheko kilikuwa kimelegeza kitu. Hakuwatazama wahesabu makofi.

"Sasa!" alisema Mamba.

Halafu jukwaa lake lote, lililokuwa halijawahi kufungua kinywa bila kuamriwa, likasema, "Sasa!" Na upande wa vumbi ukajibu. Nyumbu, alipoona wengi wanaelekea huko, alisema kwa nguvu kuliko wote.

Mfalme Kiboko akamwinamia Bi Nungunungu na kuuliza, kwa sauti ndogo isiyomfaa mtu wa ukubwa ule, "Bibi, tukicheza sasa, kweli kweli, nitafungwa?"

"Utafungwa, Mtukufu."

"Ngapi?"

"Wakikaza, sita. Wakikuonea huruma, saba, maana huruma huwaharibia umakini, wanaanza kufanya maonyesho."

Nyuma yake Heroe alikuwa ameshaanza kuondoka kwa mguu mmoja mmoja, kimyakimya. Hakuna aliyemzuia.

"Miaka yote hii," alisema Mfalme, "hakuna aliyeniambia."

"Walikuambia," alisema Mamba kutoka juu. "Uliwahamisha jukwaa."

Mfalme alirudi majini taratibu, akabaki macho na masikio, na Pundamilia, akiwa hajaambiwa na mtu, akaweka mpira katikati.

Safari hii Kenge alikaa kwenye goli lake na Kakakuona kwenye lake. Wapwa walikimbia kulikofaa, wakachoka kulikofaa. Nguchiro alipokea mpira pembeni, akapita katikati ya miguu ya mpwa wa kwanza, wa pili, akampiga Kenge chenga iliyomkalisha chini, akafunga.

Bi Nungunungu alilia kwa sauti. Alimkumbatia mtu aliyekuwa karibu, na aliyekuwa karibu alikuwa Nyumbu, ambaye alikubali hilo pia, ila kwa ukelele mrefu. Jukwaa la vumbi lilikuwa limesimama. Jukwaa la maji lilikuwa limesimama. Watu walikuwa wakipigia makofi bao, bila kuhesabiwa.

Katika dimbwi la heshima Mfalme Kiboko aliinuka. Akavuta pumzi, akafungua kinywa chake kipana atoe amri.

Uwanja mzima ukageuka kumtazama.

Akakifumba.